PAMPU YA KUKANYAGA: HISTORIA YA MARTIN FISHER NA NICK MOON, NA FUNZO LAKE KWA WANAUSHIRIKA

Katika kusherehekea miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yafaa tusitazame vitabu vyetu vya hesabu peke yake, bali tutazame pia historia ya wengine waliojaribu kumwinua mkulima mdogo, tupate kujua walipofaulu na walipokwama. Nimechagua habari za watu wawili na shirika lao dogo la hisani, kwa kuwa katika Mkutano Mkuu ujao shauri la maji ya kiangazi litaletwa mezani, na wanachama wamekwisha kugawanyika. Wako wasemao tutafute mfadhili atupe mashine; wako wasemao kila mtu ajitafutie. Historia hii ina neno kwa pande zote mbili.

Nick Moon ni Mwingereza ajuaye kazi ya useremala. Alifika Kenya mwaka 1982 kufanya kazi ya kujitolea. Martin Fisher ni Mmarekani, mhandisi mwenye shahada ya juu kabisa ya Chuo Kikuu cha Stanford. Alifika Kenya mwaka 1985 kwa masomo ya miezi michache, akakaa miaka 17. Wawili hao walikutana katika shirika la misaada la ActionAid, wakashughulika na karakana za vijijini, miradi ya maji na majengo.

Kazi ilikuwa njema, na nia ilikuwa safi. Lakini waliporudi baadaye kuikagua miradi ile, waliona jambo la kusikitisha. Vifaa vilivyotolewa bure kwa kijiji kizima vilikuwa vimeharibika, wala hapakuwa na mtu aliyejiona ana wajibu wa kuvitengeneza. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kuona mfano. Wanachama wengi waijua mashine ya kuvuta maji iliyoletwa na wafadhili fulani katika mojawapo ya vyama vyetu vya msingi. Ilipokelewa kwa ngoma na hotuba. Leo kuku hutagia mayai chini yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi mwaka 1991 Fisher na Moon walianzisha shirika lao mjini Nairobi, wakaliita ApproTEC. Tangu mwaka 2005 laitwa KickStart. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza, zito kulitimiza: mtu maskini ni mchapakazi tayari, na anachokihitaji kwanza ni njia ya kupata fedha zaidi kwa kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo chombo kisigawiwe bure. Kiuzwe kwa bei aiwezayo mkulima, katika maduka ya kawaida, ili anunuaye awe mwenyewe hasa, akitunze, na faida iwe yake.

Walianza na vyombo kadha wa kadha: mashine ya kushindilia matofali ya udongo na saruji kidogo, kinu cha kukamua mafuta ya alizeti na ufuta, na chombo cha kufunga majani makavu ya mifugo. Lakini kilichowapatia jina ni pampu.

Pampu ya kukanyaga haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni Bangladesh, ambako Mnorwei Gunnar Barnes aliibuni karibu na mwaka 1980, nayo ikaenea kwa wakulima zaidi ya milioni moja. Mtu husimama juu ya vikanyagio viwili, akapiga hatua kana kwamba apanda ngazi, na maji yakapanda kutoka kisimani au mtoni. Mwaka 1996 ApproTEC ilitoa pampu yake ya kwanza ya namna hiyo, ikaitwa MoneyMaker, yaani mleta fedha. Ila nchi ya Bangladesh ni tambarare, na maji yakitoka hupita mferejini yenyewe. Mashamba mengi ya Kenya yako mitelemkoni, juu ya mto. Hapo maji hayana budi kuvutwa, kisha yasukumwe kwa mpira hadi juu ya shamba. Mwaka 1998 wakatoa pampu ya pili, Super MoneyMaker, iwezayo kazi hizo mbili na kunywesha hadi ekari mbili hivi.

Katika kuiunda hawakumsahau mtumiaji. Pampu hubebeka na mtu mmoja. Hukanyagwa kwa miguu mitupu. Na vikanyagio havipandi juu mno, ili mwanamke aitumie bila kuona haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ikavuka mpaka, ikaingia Tanzania. Mkulima aliyengoja mvua sasa aliweza kupanda sukuma na nyanya wakati wa ukame, wakati bei sokoni ni nzuri.

Hata hivyo historia ya kweli haifichi upungufu. Kwanza, fedha za hisani hazikukoma. Mkulima alilipia pampu, lakini gharama za kubuni, kujaribu na kuitangaza zilitokana na wafadhili. Pili, wakulima wengi hawakuwa na fedha taslimu za kununua kwa mara moja, hata bei ilipokuwa ndogo. Ndipo shirika likaanzisha mpango uitwao Tone kwa Tone, ambao kwao mkulima huweka akiba kidogo kidogo kwa njia ya simu mpaka bei itimie.

Hapa mwanaushirika hana budi kusimama na kufikiri. Je, watu hawa hawakutuhukumu sisi? Walisema mali ya wote huharibika, nasi twaishi kwa mali ya wote. Jawabu langu ni hili. Vile vifaa vya kijiji vilikuwa mali ya wote kwa maneno tu. Hapakuwa na hisa, wala daftari la wanachama, wala mkaguzi, wala mkutano wa kumwondoa kiongozi mvivu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha ushirika kikiendeshwa kwa kanuni kina mambo hayo yote. Kisipokuwa nayo, basi hukumu ya Fisher na Moon yatuhusu nasi pia, na tusinung'unike.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba tupambanue kazi za mtu na kazi za chama. Pampu inayokanyagwa kila alfajiri yafaa iwe ya mkulima mwenyewe, aliyoilipia kwa jasho lake. Lakini kununua kwa jumla ili bei ishuke, kuweka vipuri ghalani, kukata malipo kidogo kidogo katika mauzo ya mazao, na kupanga nani apande nyanya mwezi gani ili zisioze sokoni kwa wingi, hayo mkulima mmoja hayawezi. Hizo ndizo kazi za Chama Kikuu, na hapo ndipo twaweza kufanya zaidi ya waliyofanya wageni wale wawili.

Mkutano Mkuu utakapoketi, kila mjumbe na ajiulize maswali matatu juu ya kila chombo kitakachotajwa. Nani atakilipia? Nani atakitengeneza siku kitakapoharibika? Jina la nani litaandikwa daftarini? Tukiyajibu kwa uaminifu, basi watakaoandika kijitabu cha miaka 20 watakuwa na mashamba ya kijani ya kuyataja, wala hawatataja mashine za kutagia kuku.

Ushirika wetu udumu.