Somo la Sarrià: Nani Aliyesema Soka la Kupendeza Halishindi?

Juma lililopita, mwishoni mwa kipindi cha historia ya Amerika ya Kusini, mwanafunzi wangu mmoja alinikatiza kwa sentensi ambayo nimeizoea vijiweni zaidi kuliko darasani: "Mwalimu, ushindi ni ushindi." Tulikuwa tukijadili utawala wa kijeshi wa Brazili, na mjadala ukateleza, kama utelezavyo kila inapotajwa nchi hiyo, ukaangukia kwenye kandanda. Kijana yule alishikilia kwamba Brazili ya mwaka 1982 ilikuwa pambo tu, na kwamba ile ya mwaka 1994, iliyocheza soka kavu na kurudi na kombe, ndiyo iliyoelewa maana ya mchezo. Wenzake wakampigia makofi. Sikumjibu papo hapo. Namjibu hapa, kwa kuwa sentensi ile haiishii mpirani: ndiyo ile ile tunayoisikia asubuhi ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi, pale anayeuliza kura zimehesabiwaje anapoambiwa aache unyonge.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 5 Julai 1982, katika uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, Brazili ya kocha Telê Santana ilihitaji sare tu dhidi ya Italia ili iingie nusu fainali. Ilikuwa imezifunga Umoja wa Kisovyeti 2-1, Uskoti 4-1, Nyuzilandi 4-0 na Ajentina 3-1. Safu yake ya kiungo ilikuwa na Zico, Sócrates, Falcão na Cerezo, watu ambao waliupeleka mpira kana kwamba wanazungumza. Italia, kwa upande wake, ilikuwa imejikokota. Ilitoka sare mechi zote tatu za kundi lake na kumpita Kameruni kwa sababu moja tu: Italia ilikuwa na magoli mawili, Kameruni goli moja. (Kameruni walirudi nyumbani bila kupoteza hata mechi moja. Sisi Waafrika tuna haki ya kuikumbuka hesabu hiyo.)

Paolo Rossi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka katika adhabu ya miaka miwili kwa kashfa ya kupanga matokeo, alifunga dakika ya 5. Sócrates akasawazisha. Rossi akafunga tena baada ya Cerezo kutoa pasi ya kizembe mbele ya lango lake mwenyewe. Falcão akasawazisha kwa shuti kali. Dakika ya 74 Rossi akafunga la tatu, na mzee Dino Zoff, mwenye umri wa miaka 40, akaudaka mpira wa kichwa wa Oscar kwenye mstari wa goli dakika za mwisho. Matokeo yakawa 3-2.

Simulizi iliyotokea hapo mnaijua: Brazili walishindwa kwa sababu walipenda uzuri kupita kiasi, wakiwa 2-2 walipaswa kurudi nyuma na kulinda, lakini hawakujua kulinda. Mimi nami niliiamini kwa miaka mingi, mpaka nilipoitazama mechi nzima. Goli la tatu lilitokana na kona, na kona ile ilipopigwa, Wabrazili karibu wote walikuwa wamerudi ndani ya eneo lao la hatari kulinda. Goli la pili lilitokana na kosa la mtu mmoja, kosa ambalo timu yoyote, hata ile inayopaki basi, inaweza kulifanya. Na Italia yenyewe siku hiyo haikucheza soka la kubahatisha. Claudio Gentile aliirarua jezi ya Zico, ni kweli, lakini Antognoni na Conti walicheza mpira wa kupendeza, na Waitalia waliweka wavuni goli la nne ambalo lilikataliwa kwa madai ya kuotea. Anayetaka kuona ubaya ukiushinda uzuri atafute mechi nyingine.

Kama ndivyo, fundisho lile lilitoka wapi? Nadhani lilikuwapo kabla ya mechi, likisubiri ushahidi. Baada ya Brazili kutolewa mapema katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 nchini Uingereza, huku Pelé akichezewa rafu na mabeki wa Bulgaria na Ureno, palizuka kauli kwamba wakati wa ufundi umekwisha, kwamba sasa ni zama za misuli, mapafu na nidhamu. Nchi ilikuwa chini ya wanajeshi tangu mapinduzi ya mwaka 1964, na kauli hiyo iliwakaa vizuri. Mwaka 1974 Brazili ilikwenda Ujerumani Magharibi na timu nzito, yenye kupiga watu. Ikafungwa 2-0 na Uholanzi na kumaliza ya nne. Mwaka 1978 ilifundishwa na Cláudio Coutinho, kapteni wa jeshi, ikamaliza ya tatu bila kupoteza mechi, naye akawaita vijana wake mabingwa wa kimaadili. Mwaka 1990 ilicheza kwa beki wa ziada nyuma kabisa, mtindo ambao magazeti yaliuita zama za Dunga kwa jina la kiungo wake mgumu, ikatolewa na Ajentina kwa goli moja la Caniggia.

Hesabu hiyo ndiyo ninayomtaka kijana wangu aitafakari. Mtindo wa kupendeza ulishindwa mwaka 1982, ukashindwa tena mwaka 1986 kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Ufaransa. Mtindo wa tahadhari ulishindwa mwaka 1974, 1978 na 1990. Kushindwa kwa kwanza kukafanywa sheria ya historia. Kushindwa kwa pili kukaitwa bahati mbaya. Timu ya tahadhari ikifungwa, huambiwa haikuwa na tahadhari ya kutosha.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba uzuri ni mali ya watu wema. Timu ya mwaka 1970, nzuri kuliko zote ambazo macho ya dunia yameziona, ilitumiwa na Jenerali Médici kuupamba utawala uliokuwa ukiwatesa watu magerezani. Kocha aliyeivusha timu hiyo katika hatua ya kufuzu, João Saldanha, mwandishi wa habari na mkomunisti, aliondolewa miezi michache kabla ya fainali za Meksiko, baada ya habari kuenea kwamba rais alimtaka mshambuliaji Dario kikosini naye Saldanha akajibu kwamba yeye hamchagulii rais mawaziri wake. Aliyemrithi, Zagallo, alimchukua Dario, ingawa hakumpa hata dakika moja uwanjani. Na goli lile la Carlos Alberto dhidi ya Italia, ambalo watu hulisimulia kama shairi, lilifungwa dakika ya 86 na wachezaji walioandaliwa kimwili na wataalamu ambao miongoni mwao alikuwamo Coutinho yuleyule, pamoja na kijana aliyeitwa Carlos Alberto Parreira. Mapafu na ufundi havikuwa maadui. Wamefanywa maadui baadaye.

Nahodha wa mwaka 1982, Sócrates, alikuwa daktari wa tiba. Katika klabu yake ya Corinthians mjini São Paulo, yeye na wenzake Wladimir na Casagrande walianzisha utaratibu wa kupiga kura kwa kila jambo: muda wa mazoezi, kambi kabla ya mechi, usajili wa wachezaji. Kura ya mtunza vifaa ilikuwa sawa na ya nahodha. Novemba 1982, miezi minne tu baada ya Sarrià, waliingia uwanjani na maandishi mgongoni yakiwahimiza wananchi kupiga kura tarehe 15, siku ya uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa magavana tangu miaka ya 1960. Klabu ile ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1982 na 1983, na kabla ya fainali ya mwaka 1983 wachezaji walibeba bango lililosema kwamba washinde au washindwe, demokrasia ibaki. Walishinda. Lakini walikuwa wameitaja nafasi ya kushindwa hadharani, jambo ambalo watawala wao hawakuliweza.

Aprili 1984 bunge la Brazili lilipigia kura marekebisho ya katiba ya kurudisha uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Sócrates alikuwa ameahidi mbele ya umati kwamba yakipita hatakwenda kucheza Ulaya. Waliounga mkono walikuwa 298, waliopinga 65. Yakashindwa, kwa kuwa zilitakiwa kura 320 na zaidi ya wabunge 100 hawakufika ukumbini. Huo nao ulikuwa ushindi, na uliingia kwenye vitabu. Sócrates akaenda Fiorentina.

Fainali ya tarehe 17 Julai 1994 niliitazama kwa jirani, kuanzia saa nne na nusu usiku hadi karibu saa saba. Brazili ya Parreira, yuleyule wa mwaka 1970, na Italia zilimaliza dakika 120 kwa 0-0, Roberto Baggio akapaisha penalti, na ukame wa miaka 24 ukaisha. Siwadharau watu wale. Walifungwa magoli matatu tu katika mechi saba, Romário alikuwa na akili ya mchezo isiyo na mfano, na Dunga, aliyebebeshwa jina la zama nzima za kushindwa, alistahili kulinyanyua kombe lile. Kijana wangu ana haki ya kuwapenda.

Ila mashindano yale hayakuanza na Dunga akiwa nahodha. Kitambaa kilikuwa cha Raí, mdogo wake Sócrates. Desemba 1992 mjini Tokyo, Raí alikuwa ameifungia São Paulo magoli yote mawili ilipoishinda Barcelona ya Johan Cruyff 2-1 na kutwaa Kombe la Mabara, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikaifunga Milan 3-2 na kulitetea. Kocha wa São Paulo alikuwa Telê Santana, mtu ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameitwa ushahidi kwamba soka la kupendeza halishindi. Baada ya hatua ya makundi nchini Marekani, Raí alipoteza nafasi yake. Usiku ule wa fainali niliiona sura yake mara moja, kwenye benchi.