Kozi ya Utangulizi ya Uandishi wa Programu katika Chuo cha Dartmouth, 1964: Suala la Mwanafunzi Asiye Mwanasayansi

Historia ya kompyuta vyuoni husimuliwa mara nyingi kama historia ya mashine. Makala haya yanashikilia kwamba tukio la Dartmouth, nchini Marekani, lilikuwa kwanza uamuzi wa kimtaala.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwalimu wa hisabati Thomas Kurtz alisafiri kwa treni hadi Boston akiwa na sanduku la kadi zilizotobolewa, ili zisomwe na kompyuta iliyokuwa MIT. Kosa dogo katika kadi moja liliweza kumpotezea safari nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kufundishwa kwa namna hiyo.

Kurtz na mwenzake, John Kemeny, walianza na swali lisilo la kiufundi: nani afundishwe? Takriban robo tatu ya wanafunzi wao hawakusomea sayansi wala uhandisi, na ni miongoni mwa hao ndimo walimotarajiwa kutoka viongozi wa serikali na biashara, watakaoamua matumizi ya mashine wasizozielewa. Kwa hiyo uandishi wa programu uliingizwa ndani ya kozi za mwanzo za hisabati, kwa mihadhara michache na mazoezi mengi. Fortran na Algol zilionekana nzito mno. Ndipo ikabuniwa BASIC, ambayo amri zake nyingi ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, kama vile LET, PRINT na END. Mfumo wa kugawana muda, ambao wanafunzi wenyewe walishiriki sana kuuandika, uliwaruhusu watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Ulifanya kazi kwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Kompyuta ikawa wazi kwa wanafunzi kama vitabu vya maktaba, bila ya kuombewa kibali.

Sifa hizo hazikukubaliwa na wote. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra aliishutumu BASIC vikali kwamba huharibu fikra za mwanagenzi. Shutuma hiyo, hata ikiwa na haki, ilihusu mazoea ya kufikiri, si asili ya maneno yenyewe. Kwa mwanafunzi wa Dartmouth, LET lilikuwa neno la nyumbani. Kwa yule aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili nchini Tanzania, neno hilohilo ni alama ya kukaririwa kabla ya somo lenyewe kuanza.