Mlio wa Difu: Historia ya Kusikiliza Uvungu wa Gari

Mlio wa kugonga unaotoka nyuma ya gari dereva anapoachia klachi, au anapobadili kutoka gia ya mbele kwenda ya kurudi nyuma, huanza pale vyuma viwili vinavyopaswa kushikana vinapoachana. Nguvu ya injini ikifika, kimoja huruka nafasi iliyo wazi na kukigonga kingine. Mafundi wa Afrika Mashariki huiita nafasi hiyo mchezo: krosi inacheza, pinioni inacheza, beringi inacheza. Mchezo wa unene wa ukucha unatosha kutoa mlio wa kumgeuza mpita njia. Kuusikia si kazi. Kazi ni kusema unatoka wapi, kwa maana kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma ni chuma kitupu, na chuma husafirisha sauti: krosi ya mbele iliyokufa husikika kana kwamba iko chini ya kiti cha abiria wa mwisho. Ujuzi wa kuutafuta mlio huo umekua pamoja na mashine yenyewe. Kila wahandisi walipobadili njia ya kupeleka nguvu nyuma, mlio ulihama, na masikio yakaanza kujifunza upya.

Magari ya kwanza hayakuwa na propela, yaani shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma. Gari la Carl Benz la mwaka 1886 lilipeleka nguvu kwa mkanda na minyororo, na lile la Panhard et Levassor la mwaka 1891, lililoweka injini mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, nalo lilitegemea mnyororo. Difu ilikuwa imevumbuliwa zamani kuliko yote hayo. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliipatia hataza mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, ili gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Mnyororo uliolegea ulipigapiga na kuruka meno, lakini ulikuwa nje, machoni pa kila mtu. Aliyetaka kujua kasoro aliinama akatazama.

Hali ilibadilika Louis Renault alipotengeneza gari lake dogo mwishoni mwa mwaka 1898 karibu na Paris na kupeleka nguvu nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Shafti ilikuwa safi na haikuhitaji kukazwa kila wiki. Lakini meno ya nyuma sasa yalifungiwa ndani ya nyumba ya chuma iliyojaa oili, na jicho halikuwa na la kutazama. Tangu hapo sikio likawa chombo cha kazi.

Shafti ndefu inayounganisha giaboksi iliyotulia na ekseli inayopanda na kushuka haiwezi kuwa kipande kimoja kigumu. Inahitaji kiungo kinachokunja huku kikizunguka. Kiungo hicho Ulaya hubeba jina la Gerolamo Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16, na Waingereza wakakihusisha na Robert Hooke aliyekieleza katika karne ya 17. Kukifanya kiweze kuishi chini ya gari ilikuwa kazi ya Clarence Spicer, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1903. Ndicho mafundi wanachokiita krosi: msalaba wa chuma wenye ncha nne, kila ncha ikivaa kikombe ambacho siku hizi hujazwa beringi nyembamba kama sindano. Grisi ikikauka sindano husagika na kuwa unga mwekundu wa kutu, na vikombe huanza kucheza. Dalili ya kwanza mara nyingi si kugonga. Ni mlio mwembamba kama wa ndege, unaokwenda na mwendo wa gari. Kugonga huja baadaye, na mwenye gari aliyempuuza ndege huyo hulipia zaidi.

Krosi ina tabia moja iliyowasumbua mafundi wengi. Ikiwa imekunja, shafti inayotoka haizunguki kwa mwendo ule ule wa inayoingia, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili, upande wa difu, hufuta kosa hilo, mradi panda za ncha mbili za propela zielekee upande mmoja. Ndiyo sababu propela nyingi zina mishale midogo iliyogongwa pale zinapochomekana. Fundi anayeifungua bila kuitazama mishale huirudisha imepinda hatua moja. Gari aliloletewa kwa mlio mmoja wa kugonga huondoka na mtetemo wa sakafu nzima, na aliyefunga huanza kuisaka difu isiyo na hatia.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15, ilificha propela yake ndani ya bomba, ikiwa na kiungo kimoja tu upande wa mbele. Ndani ya ekseli yake mlikuwa na washa za madini laini, ambazo zilimomonyoka kwa umri na kuacha meno yaachane. Magari mengi mengine yalifuata mpangilio uliobeba jina la kampuni ya Hotchkiss ya Ufaransa: propela wazi yenye krosi mbili, na ekseli iliyofungwa kwa yubolti kwenye springi za mabamba. Katika mpangilio huo springi hubeba mzigo na pia hupokea msukumo wote wa magurudumu. Yubolti ikilegea au bushi ikiisha, ekseli nzima hujipinda gari linapoondoka, halafu hujirudi kwa kishindo. Mlio huo umewapoteza wengi, kwa sababu unafanana kabisa na wa difu na hauna uhusiano wowote na meno.

Meno yenyewe yalibadilika mara mbili kwa haraka. Mwaka 1913 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutumia meno yaliyopinda, yaliyokatwa kwa mashine za Gleason za mjini Rochester, na ngurumo ya meno yaliyonyooka ikapungua sana. Miaka ya 1920 ikielekea mwisho ilikuja hipoidi, ambapo pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, hukaa chini ya katikati ya krauni, gia kubwa inayosukumwa nayo, hivyo propela hushuka na sakafu ya gari hushuka nayo. Lakini meno ya hipoidi husuguana kwa kuteleza, na oili ya kawaida haiwezi kustahimili mkandamizo huo. Ilibidi oili itiwe viungo vyenye salfa. Harufu kali inayomtoka fundi aliyefungua difu, ile isiyotoka mikononi kwa sabuni ya kawaida, imetokana na salfa hiyo.

Wakati huo huo swali la nani ana haki ya kusikiliza lilikuwa likijibiwa. Katika Ujerumani ya miaka ya 1920 dereva mwenyewe alihimizwa kulijua gari lake kwa sikio. Kufikia miaka ya 1930, mafundi waliopata hadhi rasmi walianza kudai kwamba sikio la dereva halitoshi na kwamba kusikiliza ni utaalamu wao. Walikopa heshima ya daktari pamoja na kifaa chake, stethoskopu, kile alichokibuni daktari Mfaransa Laennec mwaka 1816 kusikiliza vifua. Karakana zisizo na kifaa hicho zilitumia bisibisi ndefu: ncha juu ya nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa sikio. Bisibisi bado inatumika hivyo leo, na inafanya kazi vizuri.

Afrika Mashariki ilipokea magari haya yakiwa yamekwisha kupevuka, ikayapa barabara ambazo hazikumpa fundi mapumziko. Barabara ya murramu yenye mawimbi hutikisa kila nati, na matope ya masika huingia kwenye kila sili. Mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha hadharani. Kuanzia 1963 hadi 1986 kila gari lililoshinda Safari lilisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kushinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na alifanya kazi ya doria ya kusaidia magari yaliyokwama njiani. Si ajabu kwamba mtu aliyezoea kulala uvunguni alijua lini gari linalalamika na lini linapiga kelele tu.

Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na tena kuanzia 1966 hadi 1968, iliwafundisha mafundi wa eneo hili somo la pekee. Difu yake haikuwa ya hipoidi. Ilikuwa na skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, mpangilio mtulivu na wenye nguvu, uliotaka oili yenye asili ya mbarika. Aliyemimina oili ya hipoidi kwa kudhani difu ni difu aliiweka shaba mahali pa salfa, na shaba huliwa na salfa. Gari likiharibika kwa njia hiyo halikugonga kwanza. Lilitoa oili yenye kung'aa kama dhahabu, na aliyeijua rangi hiyo hakuhitaji kusikiliza.

Landrova, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na kipimo chake. Breki ya mkono ya modeli za zamani haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Kwa hiyo Landrova iliyoegeshwa kwenye mteremko husogea kidogo kabla ya kutulia, na kiasi inachosogea ni jumla ya mchezo wote uliopo kutoka propela hadi hafu shafti. Fundi aliyesimama kando anaweza kuusoma ugonjwa kabla dereva hajashuka.

Kwa magari mengine, uchunguzi uliojengeka katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi na Katwe jijini Kampala huanza na mabamba mawili ya mbao chini ya tairi za mbele na gia ikiwa huru. Spana boi, yaani mwanafunzi wa fundi, hukaa kwenye usukani, fundi hulala juu ya kipande cha boksi. Mkono wa kushoto hushika panda ya propela, wa kulia panda ya upande wa difu, na mikono hukunjwa kinyume. Krosi nzima haisogei hata kidogo, kwa hiyo mchezo wowote unaoonekana hapo ni hukumu. Kisha propela husukumwa juu na chini karibu na senta beringi inayoibeba katikati, ambako mpira huchanika bila kuonekana. Baada ya hapo breki ya mkono huvutwa, alama ya chaki huwekwa kwenye flanji ya pinioni na nyingine kwenye nyumba ya difu, na propela huzungushwa kulia na kushoto polepole. Alama zinazoachana sana huwa zimesema. Mwisho, gari likiwa limewashwa, fundi akiwa ametoka uvunguni na kuchuchumaa pembeni, spana boi huambiwa aachie klachi kidogo, arudi nyuma, aachie tena. Macho hutazama ekseli: ikijipinda pamoja na springi, difu huachwa na yubolti hukazwa.

Mlio unaokwenda na mwendo wa gari husomwa kwa kuhesabu. Ikiwa difu ina uwiano wa 4 kwa 1, propela huzunguka mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Jino lililovunjika kwenye pinioni hugonga mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na la krauni hugonga mara moja. Fundi hunyanyua gurudumu moja, huacha lingine chini, na kulizungusha lililo juu mara mbili kamili ili krauni izunguke mara moja, akihesabu propela. Mvumo unaobadilika gari linapokata kona humpeleka kwenye beringi za magurudumu. Unaotokea mguu ukiwa kwenye moto na kunyamaza ukiachiwa humpeleka kwenye mkao wa pinioni. Hapo ndipo watu wengi hukosea kwa kutaka kuondoa mchezo wote. Krauni na pinioni zinahitaji nafasi ya takriban milimita 0.1 hadi 0.2 ili oili ipite na chuma kitanuke kwa joto. Difu iliyokazwa hadi ikanyamaza kabisa huungua.

Ujuzi huu ulipitishwa kwa mkono. Spana boi aliosha vyuma kwa mafuta ya taa miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kufunga, na katika kuosha alijifunza sura ya kila jino bovu. Tanzania ilianzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa sheria ya mwaka 1994, na mafundi wengi wa mtaani wakaenda kupimwa na kupewa vyeti kwa kazi waliyokwisha kuijua.

Toyota Corolla ilipohamia magurudumu ya mbele katika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya milio hii ilihama nayo. Kiungo cha nje cha shafti ya mbele hulia tak-tak-tak gari likikata kona, na nyuma hakuna kitu cha kugonga isipokuwa bushi na shokapu. Hiace na Land Cruiser zimebaki na propela, na ndizo zinazobeba watu na mizigo mingi. Vipo sasa vipaza sauti vidogo vinavyobanwa kwenye propela, springi na difu kwa wakati mmoja, fundi akivisikiliza kimoja baada ya kingine gari likiwa barabarani. Mabasi ya umeme, yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, yameleta hali nyingine. Mota haina mngurumo wa kufunika kelele ndogo. Kila dereva anapopunguza mwendo mota hugeuka jenereta na meno hubadilisha upande wa kubeba mzigo, kwa hiyo mchezo mdogo uliofichwa na injini ya dizeli kwa miaka husikika siku ya kwanza.