Jiko Ndani ya Nyambizi

Ndugu msikilizaji, kila anayepikia mkaa anajua kuwa jiko lenye moto halifungiwi chumbani pamoja na watu. Joto litawatesa, na hewa chafu inaweza kuwaua. Lakini mwaka 1879 kasisi mmoja wa Uingereza, George Garrett, aliliweka jiko ndani ya chombo cha chuma, akaingia humo na wenzake wawili ili azame nalo baharini.

Garrett hakutumwa na serikali. Mwaka 1878 alikwisha kujaribu chombo kidogo cha mtu mmoja, kilichoendeshwa kwa mkono. Cha pili, Resurgam, yaani "Nitainuka tena", kiliundwa Birkenhead. Kilikuwa na urefu wa mita 14 hivi na kiliendeshwa kwa mvuke. Boila na mashine vilijaza tumbo lake. Watu walibanana katika nafasi iliyobaki.

Kabla ya kuzama, moto na bomba la moshi vilifungwa. Maji yaliyokwisha kuchemka yaliendelea kutoa mvuke na kusukuma mashine. Ujanja huo ulizuia moshi, lakini haukuondoa joto. Boila iliyokuwa ghala la nguvu ilikuwa pia tanuri. Maji ya bahari yalipoza chuma cha nje, ila hewa ya ndani haikuwa na pa kutokea. Na mwili hupoa pale jasho linapokauka. Penye unyevu mwingi, jasho hutiririka bure. Dawa ilikuwa kuibuka na kufungua mfuniko.

Mfuniko huohuo ndio ulioleta maafa. Februari 1880, Resurgam ikivutwa na meli karibu na pwani ya Wales, mabaharia wake walihamia kwenye meli hiyo. Mfuniko haukuweza kufungwa kwa nje. Maji yakaingia, nyambizi ikazama. Hakuna aliyekufa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1995.

Nafuu ilikuja kwa kugawa kazi. Nyambizi ya John Holland, iliyoshushwa majini Marekani mwaka 1897, ilitumia injini ya petroli juu ya maji, na mota ya umeme wa betri chini yake.

Ndugu msikilizaji, tunao hata leo mafundi wanaofanya kazi katika vibanda vya mabati visivyo na dirisha. Anayepanga mahali pa mashine na apange pia mahali pa mtu kuvuta pumzi.