Fani Tatu za Mwanzo: Historia ya Uchaguzi wa Masomo ya Uhandisi Afrika Mashariki

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeomba nafasi ya kusomea uhandisi chuo kikuu hukuta orodha ndefu ya fani, na mara nyingi huipokea kana kwamba imetokana na maumbile ya elimu yenyewe, ilhali kila fani iliyomo iliingia kwa wakati wake na kwa sababu zake, ambazo aghalabu zilikuwa za kiuchumi na za kisiasa kuliko za kitaaluma.

Mgawanyo wenyewe ulizaliwa Ulaya. Kabla ya karne ya 18 mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, mjenzi wa ngome na mtambo wa vita, hadi Ufaransa ilipoanzisha mwaka 1747 shule ya madaraja na barabara jijini Paris, na Waingereza wakaunda mwaka 1818 chama cha wahandisi wa ujenzi, yaani wataalamu wa barabara, madaraja, bandari na mifereji ya matumizi ya raia. Injini ya mvuke ilizaa kundi la pili, wahandisi mitambo, waliounda chama chao Birmingham mwaka 1847 wakiongozwa na George Stephenson, mjenzi wa reli. Kundi la tatu lilitokana na telegrafu, kwa kuwa chama cha wataalamu wake kilichoanzishwa London mwaka 1871 ndicho kilichogeuka, mwaka 1888, kuwa chama cha wahandisi wa umeme.

Mgawanyo huo ulifika Afrika Mashariki ukiwa umekwisha kukomaa, pamoja na reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na ile ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, zilisanifiwa na wahandisi waliotoka Ulaya. Waafrika walipewa kazi za kibarua, na baadaye, katika karakana, kazi za ufundi mchundo, yaani ufundi wa mikono usiohusisha usanifu wala hesabu zake. Ubaguzi huo uliacha jeraha la muda mrefu, maana kwa zaidi ya nusu karne mtoto wa Kiafrika aliyeipenda mitambo hakuwa na chuo kikuu chochote katika eneo hili ambamo angeweza kuuliza asomee tawi lipi.

Mlango ulianza kufunguka Nairobi, ambako chuo cha ufundi cha kifalme kilichopewa hati mwaka 1951 kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kilipoingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, nchi tatu ziligawana masomo ya gharama kubwa: udaktari ulibaki Makerere, sheria ikafundishwa Dar es Salaam, na uhandisi ukawa wa Nairobi. Mtanganyika au Mganda aliyetaka kuwa mhandisi bila kuvuka bahari alilazimika kwenda huko, na humo akakuta ujenzi, mitambo na umeme, fani zilezile tatu za Uingereza. Mpango huo ulikuwa wa busara kwa nchi zenye fedha kidogo, lakini kila serikali ilitaka wahandisi wengi kwa haraka, na chuo hicho cha pamoja kikavunjika mwaka 1970.

Tanzania ilikuwa na sababu za pekee za kuharakisha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda na mashirika makubwa yalikuwa mikononi mwa umma, Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA kuelekea Zambia, na bwawa la umeme la Kidatu lilikuwa likijengwa, kazi zote hizo zikitegemea wataalamu wa kigeni. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na tangu mwanzo kilitilia mkazo mafunzo kwa vitendo, yaani vipindi ambavyo mwanafunzi hupelekwa kiwandani au kwenye eneo la ujenzi akafanye kazi chini ya wenyeji wa kazi. Hata hapo fani za kuanzia zilikuwa ujenzi, mitambo na umeme. Uhandisi wa kemikali na uchakataji, unaoshughulika na kugeuza malighafi kuwa bidhaa kama vile sukari, mbolea na karatasi, ulifuata baadaye, ingawa kwa nchi ya wakulima wenye mkonge, pamba na korosho ungestahili kutangulia. Upendeleo wa mwanafunzi haukuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa serikali ndiyo iliyomsomesha, na mipango ya nguvukazi, yaani makadirio ya wataalamu ambao taifa lingewahitaji, ndiyo iliyoamua nafasi ngapi zitolewe wapi na mhitimu apangiwe kazi gani.

Udhaifu wa mipaka kati ya fani hizo tatu ulionekana vijijini, kwani mradi mmoja wa kisima huhitaji mhandisi wa ujenzi kwa tangi na bomba, wa mitambo kwa pampu na wa umeme kwa mota, na mara nyingi ni fundi sanifu mmoja, mwenye stashahada badala ya shahada, aliyebeba kazi za wote watatu.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliondoa ahadi ya ajira ya serikali, na tangu hapo fani zimeongezeka kwa kufuata soko: madini baada ya migodi mikubwa ya dhahabu ya kanda ya ziwa, mawasiliano na kompyuta baada ya simu za mkononi, mafuta na gesi baada ya gesi ya Songo Songo kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Uhuru wa kuchagua umepanuka, lakini uchaguzi wenyewe huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu tahasusi ya fizikia, kemia na hisabati, ambayo ndiyo njia kuu ya kuingilia fani hizi, huchaguliwa mwanafunzi anapoelekea kidato cha tano, na shule isiyo na mwalimu wa fizikia huwa imekwisha kumchagulia mwanafunzi kabla hajaiona orodha ya chuo.