Picha za Mwanzo za Jackie Chan: Mwongozo kwa Anayetaka Kuzikusanya

Marehemu kakangu alinifundisha mambo mawili: kuvua kwa mshipi, na kutazama picha ya Kichina mpaka mwisho. Hili la pili ndilo lililonitia gharama. Kuna kanda tuliyokuwa tukiikodi mtaani kila sikukuu, na kila mara ilikatika pale stering anapoingia kwenye pigano la mwisho. Kakangu alikuwa akisema ipo siku ataipata nzima. Alitangulia mbele ya haki kabla ya kuipata, kazi ikabaki kwangu.

Ndugu msomaji, nayaandika haya kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza waanzie wapi, na makosa niliyoyafanya hayana haja ya kurudiwa na mtu mwengine.

Mwanzo ni upi?

Jackie Chan alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954, jina lake Chan Kong-sang. Akiwa mtoto aliwekwa katika chuo cha opera ya Kichina cha mwalimu Yu Jim-yuen, akakaa hapo miaka kama kumi akifunzwa kuimba, kuruka na kupigana. Alipotoka alifanya kazi ya kuanguka na kupigwa katika picha za wengine. Yumo katika Fist of Fury ya 1972 na Enter the Dragon ya 1973, zote za Bruce Lee, lakini sharti umtafute kwa makini.

Kwangu mimi, picha za mwanzo ni zile kabla ya The Young Master ya 1980, picha yake ya kwanza ya kuongoza chini ya kampuni ya Golden Harvest. Nazigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kabla ya 1976, alipokuwa hajulikani. Humu imo The Cub Tiger from Kwangtung.

Fungu la pili ni la Lo Wei, yule aliyeongoza The Big Boss na Fist of Fury. Mwaka 1976 alimchukua Jackie akitaka kumfanya Bruce Lee mpya, akaanza naye na New Fist of Fury. Zikafuata Shaolin Wooden Men, To Kill with Intrigue, Snake and Crane Arts of Shaolin, Spiritual Kung Fu na Dragon Fist. Katika The Killer Meteors stering ni Jimmy Wang Yu, na Jackie ndiye adui. Nyingi katika hizi hazikuuza, kwa kuwa kijana mcheshi alilazimishwa kukunja uso na kulipiza kisasi. Half a Loaf of Kung Fu, ambayo ni ya kuchekesha, iliwekwa kando, ikatolewa 1980 baada ya yeye kupata jina.

Fungu la tatu ndilo lililombadilisha. Lo Wei alimwazima kwa kampuni ya Seasonal, na mwaka 1978 zikatoka Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, zote zikiongozwa na Yuen Woo-ping. Mzee mlevi anayemfundisha ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa Yuen Woo-ping. Mwaka uliofuata Jackie aliongoza mwenyewe The Fearless Hyena. Ukiwa na pesa za picha tatu tu, nunua hizi tatu.

Jina si picha

Hapa ndipo wengi huumia. Picha hizi ziliuzwa nchi nyingi, na kila muuzaji alizipa jina alilotaka. Hata za Bruce Lee zilivurugwa: kule Marekani The Big Boss iliitwa Fists of Fury, na Fist of Fury yenyewe ikaitwa The Chinese Connection. Kwa Jackie mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu alipopata umaarufu kila aliyekuwa na kipande chake cha zamani alikitoa na kuweka uso wake juu ya jalada. Kwa hivyo usinunue kwa jalada. Tazama mwaka, mwongozaji na majina ya wachezaji wengine. Hayo ni magumu kugeuzwa kuliko kichwa cha picha.

Jihadhari pia na picha zilizoungwa. Fearless Hyena Part II ilitoka 1983, lakini Jackie aliiacha kazi hiyo katikati na kwenda Golden Harvest. Lo Wei akaimaliza kwa watu waliomfanana, pamoja na vipande vya picha ya kwanza. Mimi ninayo, maana mkusanyaji hukusanya hata mabovu, lakini nimeiandikia karatasi ili mgeni asidanganyike.

Kanda au diski?

Picha nyingi za enzi hizo zilipigwa kwa upana wa mara 2.35 ya kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa 4 kwa 3, basi ili kuijaza skrini yote, kanda zilikata pembeni karibu sehemu mbili kwa tano. Ndiyo maana tulikuwa tukiona mguu unapiga na anayepigwa haonekani! Tafuta toleo lenye upana kamili.

VCD ni rahisi, lakini diski moja hubeba dakika 74 hivi, kwa hivyo picha moja huwa diski mbili. Uliza zote mbili kabla ya kulipa. Kwa DVD, tazama namba ya eneo: za Hong Kong ni 3, na Kenya tuko 5. Kama mashine yako haikufunguliwa kwa maeneo yote, itakataa.

Na sisi watu wa pwani tuna adui wetu, unyevu. Kanda huota ukungu. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta wenye maji, na uzikinge na jua. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usivitupe, vitie sandukuni.

Ile kanda yetu

Niliitafuta kwa miaka. Nilichokumbuka ni mzee akimfundisha mtoto, kisha mtoto huyo anakua na kuwa Jackie. Muuzaji mmoja aliniuzia Snake Fist Fighter, mwengine akaniuzia Master with Cracked Fingers. Nilipoziweka kwa zamu nikakuta ni picha moja, na ndiyo ile yetu. Nililipa mara mbili, lakini siku hiyo sikujali.

Nikamwita mtoto wa kakangu, tukakaa kungoja lile pigano la mwisho. Lilipofika nikanyamaza. Mtu yule hakuwa Jackie. Baadaye ndipo nilipojua: ni ile Cub Tiger ya zamani iliyokatwa na kuunganishwa upya mwaka 1979, ikaongezwa sehemu mpya na mtu wa kumfanana. Mwisho tuliokuwa tukiungoja utotoni haukuwa wake kabisa.

Mpwa wangu akaniuliza kama nitairudisha kwa muuzaji. Nikamwambia hapana. Babake alitaka kujua kama stering alishinda, na sasa tunajua kwamba alishinda, hata kama ni kwa mwili wa mtu mwengine. Diski hiyo iko rafu ya juu, na karatasi yake imeandikwa ukweli wote.