Ngazi ya Mshambuliaji: Tarikhi ya Mbwana Samatta na Waliomtangulia, Kama Isomwavyo Upareni

Tangu reli ya Tanga ilipopita chini ya safu ya milima ya Upare na kufika Moshi mwaka 1911, kijana wa milimani aliyetaka kuuza nguvu au ujuzi wake mbali na kwao alipata njia iliyo wazi. Alishuka Same, akangoja gari la moshi, akaenda kwenye mashamba ya mkonge, au bandarini Tanga, au kwenye ukarani na ualimu wa miji ya pwani, na aghalabu alirudi na mabati ya kuezekea nyumba ya wazazi wake. Kwa hiyo habari ya mtu kuacha kwao kwa ajili ya riziki si ngeni katika nchi hii ya Gonja, Mamba, Chome na Usangi. Lililokuwa geni, na lililochelewa mno kuingia katika hesabu za wazee, ni kwamba ujuzi wa kuupeleka mpira wavuni nao waweza kuwa bidhaa yenye bei, mkataba na mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mshambuliaji mmoja wa Tanzania, Mbwana Ally Samatta, alivyoipanda ngazi ya biashara hiyo daraja baada ya daraja, na kwa nini waliomtangulia, ambao kwa kipaji hawakuwa duni kwake, hawakuacha ngazi nyuma yao.

Samatta si mwana wa Upare. Alizaliwa mwaka 1992 na kulelewa Mbagala, Dar es Salaam. Walakini tarikhi yake ni mali ya taifa zima, na mji kama Same, ulio kando ya barabara kuu ambayo kila siku mabasi huitumia kuwachukua vijana wake kwenda kutafuta maisha, una haja ya kuisoma kuliko miji iliyo na viwanja vikubwa na klabu tajiri.

Katika miaka ya 1970 mpira wa Tanzania ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliajiriwa katika shirika la umma, au jeshini, au polisi, akalipwa mshahara wa kazi yake ya mchana, na mpira ukawa wa jioni na wa sifa. Katika hali hiyo alitokea Sunday Manara, mshambuliaji wa Yanga aliyepewa na mashabiki lakabu ya Kompyuta kwa wepesi wa akili yake uwanjani, naye mwaka 1977 akajiunga na Heracles ya mji wa Almelo, Uholanzi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa katika bara la Ulaya. Kutoka huko alikwenda New York, kisha Austria, na hatimaye Dubai katika klabu ya Al-Nasr. Ilikuwa safari ya fahari, ila ilikuwa safari ya mtu mmoja: hapakuwa na klabu iliyomkuza kwa nia ya kumuuza, wala wakala aliyebaki nyuma akitafuta Manara wa pili. Miaka miwili baada ya Manara kwenda Uholanzi, mwaka 1979, bao la Peter Tino huko Ndola liliipatia Taifa Stars sare ya 1-1 na Zambia, na kwa sare hiyo nchi ikaingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Watu walidhani mlango umefunguka. Kumbe ulikuwa umefunguka na kujifunga, kwani miaka 39 ilipita kabla ya Tanzania kurejea katika fainali hizo.

Si Tanzania peke yake iliyopata kuona washambuliaji wake wakienda ugenini kwa njia za kubahatisha. Slovakia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 5 na ushei, ni hodari wa hoki ya barafuni, mchezo ambao wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakikigombea kidude kigumu cha mpira kwa magongo. Mwaka 1980, ilhali nchi hiyo ilikuwa bado sehemu ya Chekoslovakia na wachezaji wake hawaruhusiwi kwenda kuajiriwa watakapo, mshambuliaji Peter Šťastný na nduguye Anton walitoroka timu yao ikiwa Innsbruck, Austria, wakakimbilia Kanada kuchezea klabu ya Quebec. Baada ya utawala wa zamani kuanguka mwaka 1989, kutoroka hakukuwa na haja tena. Marián Hossa, aliyekulia katika klabu ya Trenčín, aliteuliwa na Ottawa mwaka 1997, akapitia ligi ya vijana huko Marekani, kisha akatwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki huko, mara tatu na Chicago, miaka ya 2010, 2013 na 2015. Kati ya Šťastný na Hossa barafu ilikuwa ile ile na vipaji vilikuwa vile vile; lililobadilika ni kwamba wa pili alipata daraja za kukanyaga, ambapo wa kwanza alilazimika kuruka gizani.

Kwa mizani hiyo ndipo thamani ya safari ya Samatta inapoonekana. Alianza katika timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ilikuja kuitwa African Lyon, na mwaka 2010 akachukuliwa na Simba. Hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa; lakini wakubwa wa Mazembe waliondoka na jina la kijana mwembamba aliyewasumbua mabeki wao, wakarudi kumnunua. Yapo maajabu katika kisa hicho, maana baadaye Mazembe iliondolewa katika mashindano hayo kwa kumchezesha mtu asiye halali, baada ya Simba kulalamika. Hivyo klabu mbili zilizokuwa zikishitakiana ndizo zilizofanya biashara iliyofungua ukurasa mpya wa mpira wa Tanzania.

Watu wengi wakati huo walisikitika kwamba kijana amekwenda Kongo badala ya Ulaya. Hawakujua kwamba Mazembe, chini ya Moïse Katumbi, gavana wa Katanga na tajiri wa klabu, ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na mwezi Desemba 2010 ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikiwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufanya hivyo. Huko mshahara ulilipwa kwa wakati, uwanja ulikuwa wa klabu yenyewe, na kila mwaka palikuwa na mechi kubwa za bara zima. Samatta alikaa huko hadi mwisho wa mwaka 2015, akakomaa.

Mpare wa Kusini ataelewa jambo hili kwa kuitazama ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia. Mvua na vijito vya milima ya Shengena si haba, lakini maji yakiachwa yateremke yenyewe usiku na mchana huishia bondeni bila kumnywesha mtu mhindi mmoja. Kwa sababu hiyo wazee walichimba ndiva, wakazijengea kingo kwa msaragambo wa watu wote, wakawa wanaliziba tundu jioni ili maji yajae usiku kucha, na asubuhi mgawaji hulizibua, maji yakashuka kwa nguvu katika mfereji na kufika shamba la mwenye zamu. Vipaji vya Tanzania tangu siku za Manara vilikuwa mvua isiyo na ndiva. Lubumbashi ilikuwa mahali ambapo nguvu za kijana wa Mbagala zilizuiliwa zisimwagike ovyo, zikajaa, na zilipofunguliwa zikafika mbali.

Nazo zilifunguliwa kwa kishindo. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2015, Mazembe iliishinda USM Alger 2-1 huko Algiers, na katika marudiano ya tarehe 8 Novemba ikashinda 2-0 nyumbani. Samatta alifunga katika mechi zote mbili, akamaliza mashindano na mabao 7. Mwezi Januari 2016, mjini Abuja, alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu, Mtanzania wa kwanza kuipata, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amekwisha tia saini mkataba na Genk ya Ubelgiji.

Genk ni mji uliokuwa wa machimbo ya makaa ya mawe, na klabu yake ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganishwa klabu mbili za wachimbaji. Haina utajiri wa klabu za Uingereza, lakini ina sifa ya kuwalea vijana na kuwauza wakiwa wameiva, kama ilivyowalea Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois. Samatta alikuta hapo daraja inayolingana na miguu yake. Mwezi Agosti 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Brøndby ya Denmark, na msimu huo wa 2018/19 alipachika mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo itolewayo kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya nchi hiyo. Tarehe 5 Novemba 2019, katika uwanja wa Anfield, alipanda juu ya mabeki wa Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, akaitumbukiza kona kwa kichwa. Liverpool walishinda 2-1, lakini jina la Tanzania likawa limeandikwa mahali ambapo halijapata kuandikwa.

Mwezi Januari 2020 Aston Villa ilimnunua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Bao lake la kwanza katika ligi hiyo lilipatikana Bournemouth, tarehe 1 Februari, siku ya Jumamosi, na hapa Upare wa Kusini una kisa chake. Kwa kuwa misheni ya Waadventista iliingia milima hii tangu mwaka 1903 na Wasabato ni wengi, saa kumi na mbili jioni mechi ilipoanza, Sabato ilikuwa haijakwisha, na mshika dini hakuwa na ruhusa ya nafsi yake kwenda kwenye kibanda umiza kutazama mpira. Jua lilikuchwa, na Sabato ikakwisha, kabla ya kipindi cha pili kuanza. Bao la Samatta, la kichwa, liliingia dakika ya 70, saa moja ya usiku ikiwa imekwisha pita, na kwa hiyo hata aliyeishika siku yake barabara aliweza kulishangilia bila kuivunja amri.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, Villa ilicheza fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City katika uwanja wa Wembley. City walikuwa mbele kwa mabao mawili kabla ya nusu saa kwisha vizuri. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi alipata mpira upande wa kulia akapiga krosi. Samatta, aliyekuwa nyuma kidogo ya mstari wa mabeki, aliinama na kujirusha mbele mwili mzima, akaugonga mpira kwa kichwa ukiwa chini kuliko kiuno cha mtu aliyesimama, ukampita kipa. Mechi ilikwisha 2-1 na kombe likaenda kwa City. Siku chache zilizofuata maradhi ya korona yalisimamisha mpira duniani, na uliporudi yeye hakurudi na moto ule ule; alimaliza akiwa na mechi 14 za ligi na bao lile moja, na mwezi Septemba klabu ikamruhusu kwenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Wako wasemao kwamba hapo ndipo alipoanguka. Huo ni upungufu wa kumbukumbu. Baada ya Uturuki alicheza kwa mkopo Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo, na mwezi Juni 2023 alikuwa miongoni mwa waliokosa ubingwa wa Ubelgiji katika dakika za nyongeza za siku ya mwisho, pale Toby Alderweireld wa Antwerp alipofunga bao la kusawazisha. Msimu uliofuata akahamia PAOK ya Ugiriki na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa. Mtu aliyeajiriwa katika ligi za juu za nchi tano za Ulaya kwa takribani miaka kumi mfululizo hakuanguka, amefanya kazi. Fauka ya hayo, akiwa nahodha, aliiongoza Taifa Stars kurejea fainali za Afrika mwaka 2019 nchini Misri, akafunga katika mechi ambayo Kenya ilishinda 3-2.

Nyuma yake njia si tupu tena. Aisha Masaka alikwenda Sweden kuchezea Häcken mwaka 2022, akafika Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Ulaya, kisha mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Lakini hesabu ya haki itasema kwamba klabu za kumkuza mtoto wa wilayani bado ni chache. Mtoto wa Same hucheza mashindano ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi na UMISSETA akiwa sekondari, huonekana kwa wiki moja, hupigiwa makofi, kisha hurudi nyumbani ambako hakuna timu ya vijana yenye mwalimu, ratiba wala daftari la kumwandika. Na anayetaka zaidi hupanda basi la Dar es Salaam kwa nauli ya mjomba wake na kutumaini nasibu, kama walivyotumaini waliokuwa kabla ya Samatta. Kumsifu mshambuliaji huyu kwa nyimbo na mabango hakugharimu kitu. Kujenga timu ya vijana yenye kudumu katika wilaya moja kwagharimu fedha na stahamala ya miaka, na ndilo somo pekee la tarikhi yake ambalo halmashauri, shule na madhehebu ya Upare yaweza kulitekeleza bila kungoja mtu wa mbali. Litakapotekelezwa, habari ya mtoto wa Gonja kusajiliwa Ubelgiji itapewa na magazeti mistari minne katika ukurasa wa ndani, na hapo tutajua kwamba kazi imefanyika.